Presha ilinipata wiki ya 31. Safari hii nifanyeje?

MamaWiki31
Habari zenu. Mimba yangu ya kwanza iliishia wiki ya 31. Niliamka asubuhi pete haitoki kidoleni, kichwa kinagonga, vimulimuli vinapita machoni. Presha 168 kwa 112, na mkojo ulikuwa umejaa protini. Nilipasuliwa siku hiyohiyo. Mtoto alitoka na kilo 1.3. Leo ana miaka minne, anakimbia.

Sasa nina mimba ya wiki 10, na ndugu wameanza tena: ulizidisha chumvi, ulikuwa na mawazo mengi, ulijitakia. Nimesikia habari za daktari wa figo, Ananth Karumanchi, aliyechunguza protini inayotoka kwenye kondo la nyuma. Kuna anayeweza kunifafanulia? Na je, naweza kujikinga?

MkungaMstaafu
Mwanangu, hongera, na pole kwa maneno hayo. Hukujitakia.

Ugonjwa huu, preeklampsia, yaani presha ya mimba inayoambatana na protini kwenye mkojo, huanza kabla hujajua kama unaumwa. Wiki za mwanzo, kondo hujipenyeza kwenye ukuta wa mji wa mimba na kuipanua mishipa ya mama ili damu ipite kwa wingi. Kwa wengine mishipa hiyo hubaki myembamba. Kondo likikosa damu ya kutosha, humwaga kwa wingi protini inayoitwa sFlt-1 kwenye damu ya mama.

Hapo ndipo Karumanchi na wenzake wa Boston walipoingia, mwaka 2003. Walionyesha kwamba sFlt-1 hunasa VEGF na PlGF, vitu ambavyo mishipa yako huvihitaji ili iwe na afya. Vikishanaswa, mishipa hubana na figo huanza kuvujisha protini. Waliwapa panya sFlt-1: presha ikapanda, protini ikatoka kwenye mkojo, hata kwa panya wasiokuwa na mimba! Nilipolisoma hilo niliwakumbuka akina mama wote niliowahi kuwasikia wakilaumiwa wodini, nikalia.

Kuhusu kinga: mwaka 2017 timu ya Kypros Nicolaides, London, ilichapisha utafiti wa wanawake walioonekana kuwa hatarini. Walimeza aspirini miligramu 150 kila usiku, wakianza kati ya wiki ya 11 na ya 14, mpaka wiki ya 36. Kati ya 798 waliopewa aspirini, 13 walipata ugonjwa uliolazimu wazae kabla ya wiki ya 37. Kati ya 822 waliopewa kidonge kisicho na dawa, walikuwa 35. Wewe uko wiki ya 10, kwa hiyo muda wako ni sasa. Usijinunulie tu. Mwone daktari wiki hii, umweleze yaliyokupata mara ya kwanza, maana wapo wasioruhusiwa kuimeza.

DadaWaPili
Mimi niliimeza mimba ya pili. Presha ilirudi, ila wiki ya 38, na mtoto alikuwa ameshakomaa. Kwangu tofauti hiyo ni kubwa mno.

Nikuongezee moja, dada. Wakikuchoma magnesiamu salfeti usiogope. Joto linaanza mkononi, linapanda shingoni mpaka usoni kama umeinamia chungu kinachochemka. Ni ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba. Utafiti mkubwa wa mwaka 2002, wenye wanawake takriban 10,000, ulionyesha inapunguza hatari hiyo kwa zaidi ya nusu. Na ukishajifungua usiseme yamekwisha, endelea kupimwa presha. Mimi ilinipanda siku ya nne, niko nyumbani, nanyonyesha.

MkungaMstaafu
Hilo la baada ya kujifungua ni kweli kabisa. Kichwa kikiuma bila kuachia, macho yakiwa na ukungu, au ukisikia maumivu chini ya mbavu za kulia, usingoje kesho.

MamaWiki31
Asanteni sana. Nimepata miadi keshokutwa, na nimeandika kwenye karatasi: wiki ya 31, 168 kwa 112, kilo 1.3. Jana nilimsomea mama mkwe ile sehemu ya panya. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Hiyo aspirini ndiyo ileile ya maumivu ya kichwa?"

MkungaMstaafu
Mwambie ndiyo, ila kwa dozi ndogo. Na akusindikize keshokutwa.