Kunyonywa mafuta ya tumbo: siku za mwanzo zikoje?

BintiMkomani (Lamu)
Assalaam aleikum. Nimezaa watatu na tumbo la chini limekataa kurudi, hata nijinyime vipi. Daktari mmoja Mombasa ameniambia atanifanyia asubuhi na jioni nitoke. Aliyefanyiwa anieleze: maumivu, kulala, na kurudi Lamu nitarudije?

MamaSwalha (Malindi)
Waaleikum salaam, mwanangu. Mimi nilifanyiwa tumbo na mbavu. Ganzi ikiisha utajihisi umetwangwa kinuni, na kugeuka kitandani ndiko kwenye kazi. Kuinama sikuweza, nikaswali kitini.

Lakini nililokuwa silijui ni kuvuja. Kabla ya kunyonya hukujaza maji ya chumvi yenye dawa ya ganzi na ya kuzuia damu. Yanayobaki hutoka kwenye vile vitundu usiku kucha, mekundu mekundu. Dadangu alitandika mpira na leso kuukuu juu yake, la sivyo godoro la pamba lilikuwa limekwenda. Siku mbili tatu hivi yanakatika.

Halafu ile nguo ya kubana, chini ya matiti mpaka mapajani, usiku na mchana. Mimi niliambiwa wiki sita. Na joto letu la kaskazi hili! Ukiweza ngoja kusi. Uzuri wake baibui linasitiri yote.

Mizani usiipande mapema, utajikuta umezidi kwa uvimbe. Umbo lenyewe hutulia miezi mitatu hadi sita. Ngozi chini ya kitovu ilinifa ganzi muda mrefu, ikarudi kwa kuwasha.

Safari? Mimi nilishuka Malindi tu, na kila tuta la njia ya Kilifi nililisikia. Kurukia boti pale Mokowe kuvuka Lamu na tumbo hilo, hapana. Kaa kwa jamaa Mombasa kwanza.

NesiMstaafu
Dada, huyo daktari alikupima misuli? Baada ya mimba misuli ya tumbo huachana katikati, na mrija wa kunyonya hauifungi. Haukazi ngozi iliyolegea, wala haufiki mafuta yaliyozunguka matumbo ndani. Kama tatizo lako ni misuli, utalipa na tumbo litabaki.

Mtafute jina lake kwenye rejista ya Baraza la Madaktari, iko mtandaoni. Uliza pia nani atakayekuangalia ukiwa chini ya ganzi. Dawa zote unazotumia mtajie, aspirini na za kupanga uzazi usizisahau.

Na basi refu usipande mapema: kukaa sana kunagandisha damu miguuni. Tembea tembea chumbani kuanzia siku ile ile. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi zikikatika, hospitali hapo hapo, usingoje asubuhi.

BintiMkomani (Lamu)
Alinifinya tu kwa vidole akasema mafuta mengi. Nitamrudia na hilo la misuli kabla sijatoa hata shilingi. Bi MamaSwalha, nguo moja inatosha?

MamaSwalha (Malindi)
Haitoshi. Mbili, moja mwilini, moja kambani. Na usikubali iliyovaliwa na mwingine, huwa imeshalegea.