Hii National Junior College ya Singapore ni sekondari au yunivasiti?

Mdadisi: Wadau, naona inasifiwa sana, hivi ni chuo gani hiki na kimefanya nini cha maana?

MzeeWaData: Iko katikati mkuu. Ilianza 1969, ndo junior college ya kwanza nchini humo. Unamaliza sekondari na O-level yako, unapiga miaka miwili pale, unakaa A-level ya Cambridge ndo uende yunivasiti, yaani ni kama fomu 5 na 6 zimetolewa sekondari zikapewa majengo na walimu wao, vichwa vya shule kibao vikakusanywa sehemu moja.

BiChaki: Lee Hsien Loong kasoma hapo, yule waziri mkuu wa 2004 mpaka 2024. Ila mi sipimi shule kwa mheshimiwa mmoja 😂 Kikubwa ni kwamba mfumo ulikubali, zikafuata zingine, Hwa Chong 1974, Temasek 1977.

Mdadisi: Kumbe! Na bado ni miaka miwili tu?

MzeeWaData: Wengine ndo hivyo, ila siku hizi kuna wanaoingia wadogo kabisa, wanaruka O-level wanaenda moja kwa moja mpaka A-level hapohapo.