Video zangu zinagoma kwenye CD, slaidi zinafunguka vizuri

MamaVifaranga
Habari zenu wakuu, naombeni msaada nimekwama. Nimetengeneza slaidi 34 kwenye PowerPoint 2010 za kufundishia vikundi vya wafugaji kuku vijijini, ndani nimeweka video 6 nilizopiga mwenyewe, jinsi ya kuchanja kideri kwa tone la jichoni, maana hilo ukilieleza kwa mdomo tu mtu haelewi mpaka aone. Kwenye laptopu yangu zinacheza bila shida. Nikachoma CD 12 nikawapa viongozi wa vikundi kwa sababu kwao intaneti ni ya kubahatisha, jana mmoja kanipigia anasema ikifika kwenye video anaona picha tu imesimama, nikajaribu kompyuta ya ofisini nako hivyo hivyo. Na video nilizichoma humo humo kwenye CD, naziona kabisa zipo! Nakosea wapi?

fundi_wa_mtaa
Pole dada. Hizo video umezilinki, hazimo ndani ya faili la slaidi, kilichomo ni anwani tu ya mahali zilipokuwa siku unaziingiza. Mashine ya mwenzio inakwenda kutafuta folda iliyo kwenye laptopu yako, haioni, basi. Kwamba ziko pembeni hapo kwenye CD yenyewe haijui. Ingia File, kisha Info, kulia kule chini bonyeza "Edit Links to Files" utaziona anwani zenyewe.

Dawa yake: tengeneza folda mpya, hamishia humo faili la slaidi pamoja na video zote 6, usiziweke kwenye folda nyingine ya ndani. Fungua slaidi kutokea humo, futa video, ziingize upya kwa kuzilinki kutoka folda hiyo hiyo halafu sevu. Vikikaa pamoja PowerPoint inashika jina la video tu bila ile anwani ndefu. Choma folda nzima.

Kibo77
Mi nauliza kwanini alinki kabisa? 2010 inaweza kuingiza video ndani ya faili lenyewe, waliokuwa hawana ujanja ni wa 2007 kurudi nyuma. Pachika tu, sevu kama pptx (sio ppt ya zamani, ile itakugeuzia video kuwa picha), angalia saizi isizidi MB 700 za CD, ikizidi tumia DVD.

MamaVifaranga
@Kibo77 nilianza hivyo hivyo kaka, ila kompyuta za vikundi viwili bado zina 2007 na video za ndani zilikataa kucheza, ndo maana nikalinki.

Kibo77
Aah hapo nimekuelewa, baki na linki basi.

Bi_Teknolojia
Naongeza mawili. Hizo video kama ni MP4 za simu zigeuze ziwe WMV (aina ya faili la video ya Windows) kabla hujaziingiza, mashine za zamani za Windows zinasumbua sana na MP4. Na waambie wasifungulie kwenye CD moja kwa moja, inasoma polepole video itakuwa inakatakata, waikopi folda nzima kwenye deskitopu kwanza ndo wafungue.

Halafu kabla hujachoma zote badilisha jina la folda ya zamani ya video hapo kwenye laptopu yako, ufungue slaidi mpya. Zikicheza ujue zinasoma hizi mpya kweli. Usipofanya hivyo utadanganyika, kwako zitacheza tu kwa kuwa za zamani bado zipo.

MamaVifaranga
Mungu awabariki. Anwani zote 6 zilikuwa za diski D ya laptopu yangu, kwenye folda yangu ya picha za simu, ambayo hakuna mwingine anayo. Nimegeuza WMV, nimeingiza upya, nimebadilisha jina la folda ya zamani kama dada alivyosema, zikacheza 5, ya kuchanganya chanjo ikagoma, kumbe nilishaiingiza ndo nikaibadilisha jina. Nimeirudia. Nimechoma CD moja tu, ofisini imecheza mwanzo mpaka mwisho, kesho naipeleka kwenye kikundi chenye 2007 ndo nichome zilizobaki.

fundi_wa_mtaa
Safi sana dada. Ukifika huko spika usisahau, kompyuta nyingi za mezani hazina.