Ushauri: Mama mkwe anataka kujua ukoo wao ulitoka kijiji gani Uskoti, nimekwama kwenye sensa ya 1790

Mama Wawili:
Wakuu habari za jumapili. Naombeni ushauri, na mnivumilie maana najua itakuwa ndefu.

Mimi ni Mtanzania, niko North Carolina mwaka wa tisa sasa, nimeolewa hukuhuku, kwao na mume wangu ni karibu na Fayetteville. Mama mkwe ana miaka 81 tunaishi nae, na tangu alivyougua mwaka jana kuna jambo moja tu analoliulizia asubuhi na jioni, ukoo wa kwao, kina McNeill, ulitoka wapi hasa huko Uskoti. Ukimwambia "Uskoti" haridhiki, anataka kijiji. Baba yake alikuwa anamwambia babu zao walifukuzwa na Waingereza baada ya vita ya Culloden, ile Waskoti waliomwasi mfalme walipopigwa, wakapakiwa kwenye meli, ila karatasi ya kuonyesha hivyo hakuna hata moja. Kazi nimeibeba mimi kwa sababu mimi nimelelewa na bibi, mzee akiuliza kitu hulali mpaka umjibu.

Nilichonacho: sensa nimerudi nazo vizuri kuanzia 1950 mpaka 1850. Kabla ya hapo inaandikwa mkuu wa kaya tu, wengine ni idadi. Nilipofika 1790 nikakuta kina McNeill wanne wenye jina moja la kwanza, wote kaunti ya Cumberland, sijui wetu ni yupi. Kuna mtandao nikaulipa dola 60, wakaniletea karatasi nzuri yenye ngao eti nembo ya ukoo, mama mkwe akafurahi akaitundika sebuleni, lakini haina jina la mtu hata mmoja. Iliniuma sana. Wengine wananiambia nipime DNA. Nianzie wapi jamani?

Mzee wa Masjala:
Binti yangu hongera kwa moyo huo. Nimekaa na mafaili miaka mingi kwahiyo nisikilize kwa hili moja, usivuke bahari kabla hujajua yule mtu wa 1790 ni nani. Wengi wanaopotea wanaruka, wanaona jina linafanana Uskoti wanalibeba, kumbe wamebeba babu wa watu wengine.

Kwa watu wale jina halitenganishi mtu, kinachotenganisha ni ardhi. Hati za mashamba za enzi zile zinataja kijito shamba lilipo na majirani wanaopakana nalo, kwahiyo wale wanne wapange kwa vijito na sio kwa majina utaona wanaachana wenyewe. Halafu angalia mipaka. Cumberland ilimegwa kutoka Bladen mwaka 1754, Moore ikamegwa kutoka Cumberland 1784, Harnett 1855, Hoke 1911. Shamba halijasogea hata hatua moja lakini karatasi zake zinaweza kuwa kwenye ofisi tatu nne tofauti, ndo maana mtu anasema "nimetafuta sikuona" kumbe alitafuta kaunti ya leo. Hifadhi ya nyaraka ya jimbo iko Raleigh, hati za kugawiwa ardhi na wosia za zamani nyingi ziko pale. Anza na wosia, humo utakuta mke, watoto na wakwe.

Wanjohi wa Edinburgh:
Dada salamu kutoka huku kwenyewe. Mimi ni Mkenya wa Nyeri, kanisa letu la PCEA lilitokana na wamisionari Waskoti kwahiyo hawa watu na vitabu vyao vya kanisa nimewazoea kidogo.

Kwanza hiyo Mc ni sawa na "bin", mwana wa. Na zamani kule milimani na visiwani mpangaji angeweza kuchukua jina la mkubwa wa eneo bila kuwa damu yake, so kina McNeill wawili si lazima wawe ndugu. Hiyo karatasi ya ngao nayo isikusumbue, hapa nembo ni ya mtu mmoja aliyepewa na ofisi ya Lord Lyon, msimamizi wa nembo Uskoti, hakuna nembo ya kila mwenye jina.

Pili angalia majina ya watoto. Sisi Wakikuyu kijana wa kwanza anaitwa babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Waskoti walikuwa na hiyohiyo! Tofauti iko kwa wasichana, kwao wa kwanza mara nyingi alichukua jina la nyanya mzaa mama, wa pili ndio wa upande wa baba. Si sheria, wengine hawakuifuata, lakini ukiandika watoto wa huyo mzee wa 1790 kwa mpangilio wa kuzaliwa unaweza kukisia wazazi wake waliitwa nani. Usitupe jina la mke pia, huku mwanamke mara nyingi aliandikwa kwa jina la kwao hata akiwa ameolewa.

Rekodi za huku ziko kwenye mtandao wa ScotlandsPeople, kutafuta ni bure, kufungua picha za rejista unalipia. Serikali ilianza kuandikisha vizazi na vifo 1855, kabla ya hapo ni vitabu vya parokia, na parokia nyingi za visiwani zilichelewa kuanza kuandika. Ukikosa ubatizo usife moyo. Kuna pia vitabu vya vikao vya wazee wa kanisa, watu waliohama wakati mwingine walipewa barua na ikaandikwa humo.

Kibibi:
Kwenye hilo la Culloden naomba nimwambie mama kwa upole. Vita ilipiganwa tarehe 16 Aprili 1746. Kundi kubwa la kwanza la Waskoti wa Argyll, magharibi mwa Uskoti, watu kama 350, lilifika Cape Fear, bonde la mto hapohapo North Carolina, mwaka 1739, yaani miaka saba KABLA. Walitoka sehemu kama Kintyre na visiwa vya Jura, Islay na Gigha, na gavana wa North Carolina wakati huo, Gabriel Johnston, mwenyewe alikuwa Mskoti. Na wengi waliofuata miaka ya 1760 na 1770 walikimbia kodi za ardhi zilizopandishwa. Kuna orodha za abiria walioondoka Uskoti 1774 na 1775, ziko hifadhi ya taifa Uingereza kwenye fungu T 47/12, wengine waliulizwa sababu wakasema kodi, wengine mkate. Kukimbia njaa nako ni historia, asione amepungukiwa.

Na mjue mwaka 1776, kwenye vita vya uhuru wa Marekani, wengi wao walisimama na mfalme wa Uingereza wakapigwa pale Moore's Creek Bridge tarehe 27 Februari. Waliopoteza mali waliomba fidia London, zile faili zinaitwa AO 12 na AO 13, humo mtu anaeleza alifika lini na alikuwa na nini.

Daktari Mtarajiwa:
DNA: ile inayokupa asilimia za asili yako haikupi kijiji. Mtafutieni mwanaume wa McNeill, kaka yake mama au mtoto wa kaka yake, apime kromosomu Y, hiyo inatoka baba kwenda mwana wa kiume. Mume wako haitasaidia kwa sababu McNeill ni upande wa mama yake.

Mama Wawili:
Asanteni sana, mmenitoa machozi. Mrejesho. Nimepata wosia kwa kufuata kijito, ni wa 1803, mke na watoto saba, wawili kati ya wale wanne nimeshawaondoa. Ila humo ndani kuna majina sita ya watu weusi anawagawia watoto wake kama ng'ombe. Mama mkwe alinyamaza muda mrefu halafu akasema nisome tena. Hayo majina nifanyeje nayo?

Mzee wa Masjala:
Yaandike yote kama yalivyo, pamoja na nani alipewa nani, uyaweke wazi. Sensa za 1850 na 1860 ziliandika watumwa kwa umri na jinsia chini ya jina la mwenye mali, majina yao hakuna isipokuwa sehemu chache. Wajukuu zao wanaanza kuonekana kwa jina 1870, wengi bado wanaitwa McNeill hapohapo kwenu. Huo wosia unaweza kuwa karatasi pekee waliyonayo.

Mama Wawili:
Nimeyaandika baba, na mama kasema nakala ya kwanza apewe jirani yetu wa kanisani anayeitwa McNeill ambaye miaka yote wanasalimiana tu.

Jana tumempeleka kwenye makaburi ya kanisa la Barbecue, lile la tangu miaka ya 1750, kwenye kiti cha magurudumu. Jiwe la mzee hatukulipata. La mkewe lipo, limelika na mvua, mume wangu akamwagia maji maandishi yakaonekana: jina lake la kwao, na chini "Jura". Wanjohi, rejista za Jura nifungue ipi kwanza?

Wanjohi wa Edinburgh:
Nitumie hilo jina la kwao inbox leo usiku. Kesho niko off, nitaingia mwenyewe kwenye jengo la rekodi.