Ruzuku ya kufundisha vijana kuchomelea: bajeti ipangweje ili wapate kazi kweli?

Mwamboni_TA
Wakuu, habari. Kikundi chetu kimesajiliwa halmashauri, hapa Tanga. Mfadhili anataka andiko la mradi: vijana 20, kuchomelea vyuma, miezi mitatu, fedha kwa awamu. Anasisitiza ajira, si vyeti. Nini husahaulika kwenye bajeti? Na je, tufungue karakana yetu wenyewe?

MzeeWaBajeti
Karakana msifungue. Kituo cha kufundishia ufundi lazima kisajiliwe na NACTVET (baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi), na fedha yenu itaishia kwenye mashine. Tafuteni kituo chenye usajili, mlipe ada kwa kila kijana.

Mafunzo haya huuawa na uhaba wa vitu vinavyoteketea. Anayeanza, akifanya mazoezi ya kweli, anamaliza kama vijiti vya kuchomelea 15 kwa siku. Vijana 20 ni vijiti 300. Pakiti ya kilo 5 ya geji 12 (unene wa kijiti) ina vijiti 250 hivi. Siku nne za vitendo kwa wiki, wiki 12: pakiti 58. Mkiandika pakiti 10, kufikia wiki ya tatu mwalimu atakuwa anachomelea na darasa zima linatazama. Wekeni pia vyuma vya mazoezi, mawe ya grinda, vioo vya kofia, umeme wa LUKU na ada ya mtihani. Hiyo ya mtihani ndiyo husahaulika zaidi, maana hudaiwa mwishoni, mfuko umeshakauka.

dada_miradi
Naongezea: kituo msikilipe ada yote mara moja. Asilimia 70 wakati wa mafunzo. 30 ibaki hadi kijana akae kazini miezi mitatu. Na hiyo "kazi" ielezwe kwenye mkataba, kwa mfano: amelipwa angalau siku 12 kila mwezi, kuna sahihi na simu ya mwenye karakana. Msipoelewana mapema, mfadhili atahesabu vyake nanyi vyenu.

Kabla ya kuchagua vijana, zungukieni karakana za mjini. Ulizeni nafasi ngapi, za nini: mageti na madirisha, au matela? Zikipatikana 9, wafundisheni hao 9 kuchomelea, wengine wapelekwe fani nyingine. Hiyo namba 20 ni ya mezani tu, inajadilika.

Waliokwisha kuwa saidia fundi msiwarudishe darasani. VETA (mamlaka ya serikali ya ufundi stadi) ina urasimishaji wa ujuzi: wanapimwa, mapungufu yanajazwa, wanapewa cheti.

Mwamboni_TA
Asanteni sana. Na vifaa vya kuanzia kazi? Tunasikia vijana huviuza.

MzeeWaBajeti
Huuzwa kwa kuwa hugawiwa siku ya mahafali, wakati kijana anadaiwa kodi ya chumba. Vichongeni namba, vibaki mali ya kikundi, vijana watatu waazimwe seti moja kwa hati. Umiliki uhame baada ya miezi sita wakiwa bado kazini.

Mtaji wa baadaye waombe mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani (wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2). Hauna riba, ila hutolewa kwa vikundi na hurejeshwa, kwa hiyo kwenye andiko usiuchanganye na ruzuku.

dada_miradi
Mkipitishia fedha kwenye NGO, wakumbusheni kanuni za 2018: mkataba wa zaidi ya shilingi milioni 20 hupelekwa Hazina na kwa Msajili wa NGO ndani ya siku 10 baada ya kusainiwa. Awamu ya kwanza msiipangie tarehe iliyo karibu na kusaini.