Amina Niliyoisema Macho Wazi

Kikundi: Familia ya Shosho 🏡
Jumatano jioni

Wambui: Habari za jioni, familia. Nina neno na ni refu. Nimeliandika na kulifuta tangu Jumapili usiku, leo nalituma kabla sijajikataza tena.

Jumapili kule Umoja kwa Anti Njoki, Anti aliombea chakula. Sote tunajua Anti akishika maombi chapati hupoa, na hilo halijawahi kuniudhi. Kilichoniudhi ni pale alipofika: "Bwana, kuna mmoja wetu hapa umembariki na kazi, lakini mkono wake umefungwa. Ufungue mkono huo, Bwana, kabla mlango wa shule haujafungwa." Watu zaidi ya 20 wakaitikia Amina. Mimi pia niliitikia. Niliitikia macho wazi, nikikodolea sufuria ya mukimo, maana nilijua nikifumba nitalia.

Ijumaa yake Anti alikuwa amenipigia simu kuhusu karo ya Shiku. Nilimwambia sina, nikamweleza na kwa nini sina. Jumatatu asubuhi nikatuma 15,000. Kati ya hizo, 4,000 nilifuliza, yaani ni mkopo wa simu.

Sidai pesa. Nauliza tu, Anti, kwa heshima: pale ulikuwa unaongea na Mungu au unaongea na mimi?

Brayo: Wueh

Brayo: Wacha niweke simu kwa chaji

Mama Brayo: Brayo, nyamaza.

Anti Njoki: Wambui mwanangu nimesoma. Sikutaja jina la mtu yeyote. Mtu akijisikia ameguswa hiyo ni kazi ya Roho, si yangu.

Wambui: Anti, pale sebuleni mwenye mshahara na hana mtoto wa kusomesha alikuwa nani mwingine?

Brayo: Mimi niko na kazi

Wambui: Wewe una madeni.

Brayo: Kweli kabisa

Anti Njoki: Kwa hivyo sasa nikiombea watoto wa nyumba hii niombe kimyakimya kama mwizi? Tusome Biblia basi. Yesu kwenye kaburi la Lazaro aliomba kwa sauti, na akasema mwenyewe kwamba anasema vile kwa ajili ya mkutano uliokuwa pale. Yohana 11:42. Na Petro naye, Yesu alimwambia uso kwa uso, "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike." Luka 22:32. Hakumficha. Kuomba mtu akisikia si dhambi. Mnaniumiza bure.

Mama Brayo: Hapo kuna neno.

Shosho: 🎤 0:51

Brayo: Kwa walio kwa matatu: Shosho anasema maandishi yetu ni madogo haoni, na anauliza nani aliondoka na ndoo yake nyeupe Disemba

Anko Ndung'u: Nimetoka kikao sasa hivi. Nimesoma yote kutoka juu.

Njoki ana hoja na isipuuzwe. Maombi ya kanisa mengi ni ya kusikiwa. Tukiombea wagonjwa kwa majina ibadani, wagonjwa husikia wakapata nguvu. Sasa tukisema lolote linalosikika ni ujanja, itabidi tufunge mlango wa kanisa.

Lakini nimekuwa mzee wa kanisa miaka 19 na nimeyaona mengine pia. Kuna mwaka tulikuwa tunajenga, akaja mgeni mwenye uwezo. Aliyepewa maombi akaomba, "Bwana, mguse mtumishi wako huyu aikumbuke nyumba yako inayonyeshewa." Yule bwana kabla hata Amina haijakwisha akasimama, akaahidi mabati 200. Makofi, vigelegele, kwaya ikaimba. Mabati hayajafika mpaka leo. Nikimkumbuka simlaumu sana. Tulimkamata kama kuku aliyeingia jikoni mwenyewe.

Brayo: 😂😂 anko

Anko Ndung'u: Sicheki, Brayo. Tangu siku hiyo yule bwana hajakanyaga kanisani kwetu. Tulipoteza mabati na mtu pia.

Wambui: Asante Anko. Na Anti, kuhusu Lazaro: Yesu alitamka waziwazi kwamba anasema kwa ajili ya waliosimama pale. Kila mtu alijua anasemeshwa. Mimi Jumapili nilisemeshwa nikiwa nimefunikwa na "kuna mmoja wetu". Ningekujibu vipi? Mtu akimjibu anayeomba anaonekana anabishana na Mungu.

Na Petro aliyeombewa na Yesu mwenyewe bado alikana mara tatu, jogoo akawika. Yale maombi hayakumshika shingo. Yalimngoja huko mbele.

Anti Njoki: Sasa umekuwa mchungaji.

Wambui: Hapana Anti. Nimekaa na hii kitu siku tatu, nimesoma sana.

Mama Brayo: Mimi nilikuwa sitaki kuingia hapa lakini acha niseme, Njoki, wewe ni dada yangu na nakupenda. Unakumbuka nilipofanyiwa upasuaji? Nilikwambia wewe peke yako. Nikakwambia uniombee. Jumatano ushirika wa akina mama wote walikuwa wananiombea, na kiungo kilitajwa. Jumamosi nimeenda soko la Mutindwa nimesimama kwa mama wa sukuma, ananifungia mboga kwa karatasi, ananiambia "pole na kizazi mama, tunakusimamia." Na nyuma yangu kuna mwanamume anachagua nyanya.

Mama Brayo: Sukuma nilizisahau pale pale.

Anti Njoki: Haki sikujua hayo. Mbona hukuniambia?

Mama Brayo: Ningekwambia ungeyapeleka kwa maombi.

Brayo: 🙈

Brayo: Mimi niseme moja tu halafu ninyamaze. Baada ya yale ya Shakahola 2023, waumini kufunga kula mpaka wakafa, mimi mtu akianza na "Bwana ameniambia kukuhusu" naangalia mlango uko wapi

Anko Ndung'u: Brayo, pale msituni walifukuliwa watu zaidi ya 400, na wadogo wakiwemo. Usilete jina hilo kwenye mambo ya karo na mukimo. Huyu ni shangazi yenu.

Brayo: Pole anko. Sifananishi na Anti hata kidogo. Nasema tu hivi, mtu akisema mimi naona ufanye hivi, naweza kumwambia mimi sioni. Akisema Bwana ndiye anaona, nikikataa nimekataa nani?

Anko Ndung'u: Hapo umesema.

Anko Ndung'u: Kuna kitu nimekuwa nikikitazama. Yakobo 5:14, ile ya kupaka mafuta. Nimeisoma vitandani pa wagonjwa sijui mara ngapi. "Na awaite wazee wa kanisa." Anayeita ni mgonjwa. Sisi wazee tuna tabia ya kujiita. Tunafika na chupa ya mafuta mfukoni, mtu yuko na nguo za kulalia, hajachana nywele, tunamwombea ungamo la dhambi ambazo hajatuambia anazo.

Anko Ndung'u: Na yule kipofu wa Yeriko, Bartimayo. Kila mtu anaona huyu haoni. Bado Yesu anamuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Marko 10:51. Mimi nilikuwa nikiliona swali la ajabu. Siku hizi silioni hivyo.

Anti Njoki: Nimewasikia. Mmenigeukia wote kama niliiba. Mtoto asiposoma mtaniuliza mimi. Hamjui usiku ninaolala mimi.

Shiku: Mimi ndiye Shiku wa karo kama mmesahau niko kwa kikundi

Shiku: Mbona mnaongea juu yangu kama gunia

Shiku: Jumapili nilikuwa jikoni nageuza chapati, na nikasikia naombewa kupitia mlango. Mkono wangu ukabaki hapo kwa kikaango mpaka ile chapati ikaungua, ndiyo ile mliniuliza ni ya nani. Ni ya hayo maombi. Mimi sikuomba mtu karo. Wambui, nakuapia, sikujua Mum alikupigia Ijumaa.

Wambui: Shiku pole. Sikufikiria upande wako hata kidogo.

Shiku: Nilimwambia Mum mwezi uliopita nataka kuahirisha muhula mmoja. Nimepata kazi kwa saiba pale stejini, kuchapa barua na kujazia watu fomu. Nikishika hata miezi minne narudi nikiwa na kitu mkononi. Akakataa, tukanyamaziana wiki mbili. Halafu namsikia anamwambia Mungu mlango wa shule unafungwa. Mum, huo mlango niliurudisha mimi. Na wewe unajua.

Brayo: ...

Mama Brayo: Njoki?

Dakika kama 20 hakuna aliyeandika. Halafu:

Anti Njoki: Shiku uko chumbani hapo ukutani unaniandikia kwa simu.

Shiku: Kwa sababu ukija hapa utaniombea

Anti Njoki: Sawa. Nimekubali hiyo.

Anti Njoki: Niwaambie ukweli basi na mnicheke. Mimi nilitoka shule kidato cha pili nikaambiwa ni muhula mmoja tu. Nilikaa dukani kwa mtu pale Kariobangi nikipima sukari, na huo muhula haujaisha mpaka leo, nina miaka 53. Shiku aliposema saiba, mimi niliona ile mizani. Nikaogopa. Wambui aliposema hana nikaona basi imeisha. Nilisimama pale Jumapili niombee chakula tu, naapa, na maneno yakaja. Kama ni Roho au ni hofu yangu sijui kuyatenganisha. Labda nilikuwa naongea na Mungu nikitaka na wewe usikie. Yote mawili.

Wambui: Anti, hii ya mizani sikuijua. Ungeniambia hii Ijumaa kwa simu, badala ya "msaidie dada yako."

Anti Njoki: Na kwa simu ungekataa tena.

Wambui: Huenda ningekataa, ndiyo.

Anti Njoki: Ndiyo maana.

Anko Ndung'u: Njoki, hapo ndipo penyewe.

Anti Njoki: Napaona, kaka. Usinisukume, napaona.

Anti Njoki: Wambui nirudishe pesa? Ziko zote, sijapeleka shuleni.

Wambui: Nirudishie 4,000 za fuliza, hizo zinanikula kila siku. Zilizobaki ni za Shiku. Aamue yeye ni za karo au za nauli ya kwenda saiba.

Shiku: Nitafikiria. Na mtu asiniombee nikifikiria, tafadhali

Mama Brayo: 😂 Haya mama.

Anti Njoki: Nimetuma. Angalia simu.

Wambui: Imeingia. Asante Anti.

Anti Njoki: Na sasa nikuulize kama huyo kipofu wenu. Unataka nikuombee nini wiki hii?

Wambui: Kuna kitu, ndiyo. Nitakupigia kesho jioni nikitoka kazini. Si hapa.

Anti Njoki: Na Jumatano sitapeleka.

Mama Brayo: Hilo tumeliandika, Njoki, liko hapa kwa kikundi.

Brayo: Amina

Mama Brayo: Brayo.