Land Rover 109 imeingia injini ya Toyota: waya za zamani, za Toyota, au tusuke upya?

Kijana wa Sae
Habari za jioni wakuu. Nina Land Rover 109 Series III ya marehemu baba. Injini yake ya petroli ilikufa mwaka juzi, na mwezi uliopita nimefunga ya Toyota. Imekaa vizuri, gia zinaingia, umebaki umeme tu. Nimezungumza na mafundi watatu hapa Mwanjelwa. Wa kwanza anasema waya za Land Rover zinatosha, ataunga panapohitajika, laki moja na nusu. Wa pili anataka nitafute wayaringi kamili ya Toyota, yaani fungu zima la waya na plagi zake, aihamishie. Wa tatu anasema ng'oa zote, tusuke upya kuanzia betri hadi taa ya nyuma, laki sita bila vifaa. Nataka itembee kabla ya Juni. Mnanishauri ipi?

Spana Kihesa
Kamwene. "Injini ya Toyota" ni sawa na kuniambia ndugu yako anakaa Iringa, nenda kamtafute. Toyota ipi? Petroli au dizeli? Pampu ya mafuta ya kawaida au ya umeme?

Kijana wa Sae
Samahani mkuu. Ni dizeli. Muuzaji alisema imetoka kwenye Hiace.

Lori la Makambako
Hiace zina injini za 2L, 3L, 5L, hata 1KZ. Pangusa bloku usome namba, usimsikilize muuzaji. Kama ni 3L au 5L, huna haja ya wayaringi ya Toyota hata kidogo. Unapeleka umeme kwenye stata, kwenye solenoidi ya kukata mafuta pale juu ya pampu, kwenye hita plagi zinazopasha silinda moto kabla ya kuwaka, na altaneta, basi inawaka. Ikiwa 1KZ-TE, pampu inaongozwa na kontroboksi, kompyuta ya injini, na bila wayaringi yake na sensa zake umenunua nanga.

Mama Pikapu
Mimi nasema suka upya. Waya za hizo gari zina miaka arobaini na zaidi, ukizikunja ganda linapasuka kama njugu. Na fyuzi zake ni za kuhesabu, nusu ya gari inategemea fyuzi moja. Weka boksi la fyuzi la kisasa, weka rilei (swichi za umeme za kubeba mzigo) za taa kubwa, ulale usingizi. Halafu zile fyuzi za kioo za Lucas, kampuni iliyotengeneza umeme wa Land Rover, zilizoandikwa 35, mafundi wengi hawajui kwamba 35 ni ampea za kuikata. Kubeba muda wote ni 17 tu. Fundi anaitoa, anaweka ya kisasa ya 35, kinachoungua sasa ni waya.

Spana Kihesa
Dada, hapo kwenye fyuzi umesema kweli. Ila kung'oa zote ni kutafuta kazi. Rangi za Lucas zina akili yake: kahawia inatoka betri moja kwa moja, nyeupe inapata umeme ukiwasha swichi, kijani imepita kwenye fyuzi, nyeusi ni ethi, njia ya umeme kurudi betri. Ukishazijua hizo nne unafanya kazi hata usiku. Mimi naacha za taa na za nyuma, nabadilisha za chumba cha injini tu.

Lori la Makambako
Shida ni pale rangi za nyumba mbili zinapokutana. Kwa Toyota nyeupe yenye mstari mweusi ni ethi. Kwa Land Rover rangi hiyo hiyo inaenda kwenye koili ya cheche. Nimeshaona fundi kaunga rangi kwa rangi, akasimama pembeni anashangaa moshi.

Ndizi Tukuyu
Ugonile. Mnabishana rangi, na mimi kilichotaka kuniua ni waya ambao haukuwepo. Tulifunga 2L kwenye Land Rover ya kaka yangu. Kila kitu kimeungwa vizuri, kimefungwa tepu, kinapendeza. Stata ikawa inazunguka kwa uchovu, tukalaumu betri. Tukanunua mpya, bado ile ile. Siku moja kaka anapiga stata, mimi nimeinama kwenye boneti, nikaona kebo ya akseleta inatoa moshi mwembamba. Nikaigusa, nikaacha ngozi ya kidole pale. Tukadhani imegusa eksozi, tukaisogeza, safari ikaendelea.

Wiki hiyo hiyo nashuka Isongole kwenda Kiwira, ukungu umeshuka, nimebeba viazi. Nikaachia mafuta, injini ikaendelea kunguruma vile vile. Nikapiga teke pedali, wapi. Nikazima swichi nikiwa bado kwenye gia, gari likaanza kujishika lenyewe hadi nikapata pa kuegesha.

Sababu: tulipotoa injini ya zamani tulitoa na ule mkanda wa ethi unaotoka kwenye injini kwenda chasisi, na hakuna aliyekumbuka kuurudisha. Injini imekaa juu ya raba, haigusi chuma. Stata ya dizeli inavuta ampea mia kadhaa, zikatafuta njia ya kurudi betri, zikaipata kebo ya akseleta. Plastiki ya ndani ikayeyuka, ikaganda na waya. Mkanda wenyewe hata elfu ishirini haukufika.

Mama Pikapu
Pole sana aisee. Na bodi la Land Rover ni alumini, ukiunga ethi kwenye bodi pale inapokutana na boliti ya chuma panaota unga mweupe. Kwaruza rangi kwenye chasisi, funga pale.

Mzee wa Series Two
Vijana, yangu ya 1964 ethi yake iko kwenye chanya na haijawahi kuniunguza. Land Rover yenye injini ya Toyota ni Toyota iliyovaa koti. Na wewe wa Sae, umepeleka kadi ya gari TRA wabadilishe namba ya injini? Trafiki hatakuuliza habari za rangi za waya.

Kijana wa Sae
Shikamoo mzee. Kadi bado, nitaenda. Nimepangusa bloku: ni 3L. Ila wayaringi yake muuzaji aliikata kwa koleo, zimebaki vidole vinne tu kutoka kwenye plagi. Na geji ya joto ya Land Rover inapanda hadi mwisho injini ikiwa baridi.

Spana Kihesa
Mambo haya ungeyasema mwanzo! Njia ya pili imekufa hapo. Geji inasoma uongo kwa sababu sensa ni ya Toyota, na geji za Series III zinalishwa volti 10 kutoka kwenye kidude nyuma ya dashibodi. Chonga adapta, funga sensa ya Land Rover. Hita plagi je, ni za volti 6 au 12? Ukikosea unazichoma zote nne asubuhi moja.

Lori la Makambako
Kama gari litalala Kyela asiumize kichwa na hita. Makete mwezi wa saba ndiyo atajua.

Kijana wa Sae
Linalala Sae, ila shamba liko Matamba. Volti sijaangalia. Naona nichukue fundi wa tatu, ila laki sita…

Mama Pikapu
Mwambie ashushe, vifaa nunua mwenyewe.

Mzee wa Series Two
Marahaba. Ile injini ya zamani umeitupa wapi? Silinda hedi haijapasuka?

Kijana wa Sae
Iko nyuma ya banda la kuku mzee, imefunikwa bati. Hedi ni nzima.

Mzee wa Series Two
Usimuuzie mtu. Jumamosi napanda huko.